Christian Doppler, mtoto wa mchonga mawe ambaye jina lake liko kwenye karatasi za wagonjwa wa moyo

Wakaaji wengi wa Bukavu wamekwisha kuliona jina lake bila kujua kwamba ni jina la mtu. Muganga analiandika kwenye karatasi ya kuomba kipimo: eko-Doppler ya moyo. Linarudi tena kwenye karatasi ya majibu, pamoja na herufi E na A na tarakimu ambazo mgonjwa haelewi. Wengine wanafikiri ni jina la mashine, au la kiwanda kilichoitengeneza.

Christian Doppler alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, mzaliwa wa Salzburg, nchini Austria. Alifariki mwaka 1853, miaka 100 hivi kabla ya moyo wa binadamu kurekodiwa kwa mara ya kwanza kwa mawimbi ya sauti. Hakuwa muganga na hakuwahi kutibu mgonjwa hata mmoja. Lakini kanuni aliyoiandika ndiyo inayowawezesha waganga wa leo kujibu swali ambalo linawasumbua watu wengi wa Kivu ya Kusini: je, moyo unaosukuma damu vizuri unaweza bado kuwa mgonjwa?

Jibu ni ndiyo. Na njia iliyofikisha jibu hilo hadi kwenye kitanda cha mgonjwa inapitia maisha ya mtu aliyechoka, aliyeugua, na aliyepingwa hadharani muda si mrefu kabla ya kifo chake.

Dhaifu kwa kazi ya ukoo

Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba 1803. Ukoo wake ulikuwa wa wachonga mawe waliojulikana Salzburg tangu karne ya 17. Baba alimfundisha mtoto kazi, na mtoto akarithi karakana. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo.

Christian hakuweza kufuata njia hiyo. Mwili wake ulikuwa dhaifu tangu utoto, na kazi ya nyundo, patasi na vumbi la mawe haikumfaa. Wazazi walifikiri kumtafutia kazi ya biashara. Ni mwalimu mmoja wa hesabu, Simon Stampfer, aliyeona kipaji cha kijana huyo na kushauri apelekwe Vienna, kwenye chuo cha ufundi. Alianza masomo huko mwaka 1822.

Kusoma hakukumhakikishia kazi. Baada ya masomo yake alifanya miaka minne kama msaidizi wa profesa huko Vienna, kisha mkataba ukaisha. Alituma maombi kwenye shule mbalimbali na kushindana na watahiniwa wengine kwa mtihani, bila kupata nafasi. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu aliishi kwa kuandika hesabu za fedha katika kiwanda cha kusokota pamba. Alikuwa amevuka umri wa miaka 30, ana diploma, na hana kazi ya fani yake. Vijana wengi wanaotoka vyuo vikuu vya Bukavu wanaijua hali hiyo.

Mwaka 1835 aliamua kuondoka Ulaya. Aliuza sehemu ya mali yake na kwenda Munich, kwenye ubalozi mdogo wa Marekani, kupanga safari ya kuhamia huko. Alikuwa karibu kufunga mizigo wakati barua ilipofika: shule moja ya sekondari mjini Prague ilikuwa imekubali kumpa kazi ya ualimu. Akabaki. Mwaka uliofuata alimwoa Mathilde Sturm, na wakapata watoto watano.

Jioni moja mjini Prague

Prague ndiko Doppler alikofanya kazi iliyolipa jina lake uhai. Mwaka 1841 alipewa uprofesa kamili katika chuo cha ufundi cha mji huo. Tarehe 25 Mei 1842 alisimama mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Bohemia na kusoma andiko fupi kuhusu rangi za nyota zinazoonekana mbili mbili angani. Wasikilizaji walikuwa wachache sana, hata hawakujaza chumba.

Wazo lake linaeleweka kirahisi na yeyote aliyepanda boti kutoka Bukavu kwenda Goma. Boti ikisimama katikati ya Ziwa Kivu, mawimbi yanaipiga kwa mpangilio mmoja. Ikikimbia kuyakabili, mawimbi yaleyale yanaigonga mara nyingi zaidi kwa dakika. Ikienda upande uleule wa mawimbi, inagongwa mara chache. Ziwa halijabadilika, kilichobadilika ni mwendo wa boti. Doppler mwenyewe alitumia mfano wa chombo baharini kueleza jambo hilo.

Alisema kwamba ni hivyo pia kwa sauti na kwa mwanga. Kitu kinachotoa sauti kikikukaribia, sikio lako linapokea mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, na sauti inakuwa nyembamba. Kikikuacha, mitetemo inapungua, na sauti inakuwa nzito. Mtu aliyesimama kando ya barabara ya Patrice Lumumba analisikia hilo kila moto inapopita kwa kasi huku ikipiga honi: sauti inashuka ghafla mara tu pikipiki inapompita. Dereva wa moto hasikii mabadiliko yoyote, kwa sababu anasafiri pamoja na honi yake.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa hesabu. Doppler aliandika kanuni inayounganisha mwendo na mabadiliko ya mitetemo. Ukijua mitetemo imebadilika kwa kiasi gani, unaweza kupiga hesabu na kujua kasi ya kitu bila kukigusa, hata kikiwa mbali kiasi gani. Hata kikiwa kimefichwa ndani ya kifua.

Alikosea mahali pamoja. Aliamini kwamba nyota zote kwa asili ni nyeupe, na kwamba nyekundu na buluu tunazoziona zinatokana na mwendo wao. Leo inajulikana kwamba rangi ya nyota inatokana hasa na joto lake. Kanuni ilikuwa sahihi. Mfano aliouchagua kuionyesha ndio haukufaa. Kosa hilo liliwapa wapinzani wake silaha kwa miaka mingi.

Tarumbeta juu ya treni

Jaribio la kwanza kubwa la kuipima kanuni hiyo halikufanywa na Doppler. Lilifanywa Uholanzi na mwanasayansi kijana, Christophorus Buys Ballot, ambaye hakuridhika na maelezo ya rangi za nyota. Mwaka 1845 aliomba treni kwenye reli ya Utrecht. Jaribio la Februari liliharibiwa na hali mbaya ya baridi kali, akarudia mwezi Juni.

Alipandisha wapiga tarumbeta juu ya treni na kuwaweka wanamuziki wengine kando ya reli. Wa kwanza walipiga noti moja bila kuibadilisha. Wa pili, watu wenye masikio yaliyozoea muziki, waliandika noti waliyoisikia treni ilipokaribia na ilipokwenda mbali. Noti ilipanda, kisha ikashuka, karibu na hesabu ya Doppler. Kwa upande wa sauti, kanuni ilikuwa imethibitishwa. Buys Ballot aliendelea kuyapinga maelezo kuhusu nyota, na kwa hilo naye alikuwa na haki.

Mitihani, ugonjwa na mashitaka

Habari hizo zilimkuta Doppler akiwa mgonjwa. Kazi ya chuo cha Prague ilikuwa ya kuvunja mgongo. Wanafunzi walihesabiwa kwa mamia, na profesa ndiye aliyewafanyisha mitihani, ya kuandika na ya mdomo, mmoja baada ya mwingine, kwa siku nyingi mfululizo ndani ya vyumba vilivyojaa watu. Kifua chake, ambacho hakikuwa imara tangu utoto, kilianza kumshinda. Aliomba ruhusa ya kupumzika kwa sababu ya afya.

Zaidi ya hayo, wanafunzi walimshitaki kwamba ni mkali mno katika mitihani. Uchunguzi ukafunguliwa, naye akaonywa na wakubwa wake.

Mwaka 1847 alihamia Schemnitz, mji wa machimbo ambao leo uko Slovakia, kufundisha kwenye chuo cha madini. Mwaka uliofuata mapinduzi ya 1848 yalitikisa Ulaya ya kati, na vurugu zilimlazimu kuhama tena pamoja na familia yake. Alirudi Vienna. Mwezi Januari 1850 Kaizari Franz Joseph alimteua kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi mpya ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mtoto wa mchonga mawe alikuwa amefika kilele.

Miongoni mwa waliosikiliza masomo yake huko alikuwa mtawa kijana aitwaye Gregor Mendel, ambaye baadaye, kwa kupanda mbegu za njegere katika bustani ya monasteri, aligundua sheria za urithi wa viumbe. Naye, kama mwalimu wake, hakusikilizwa sana alipokuwa hai.

Heshima ya Vienna haikudumu. Mwaka 1852, mwanahesabu Joseph Petzval, mtu mwenye jina kubwa, alimshambulia Doppler mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni iliyoandikwa kwa mistari michache, bila hesabu nzito, haiwezi kuwa sayansi ya kweli, na kwamba mitetemo ya wimbi haibadiliki kwa namna hiyo. Petzval alikuwa anazungumzia hali tofauti: chombo cha kusafirisha sauti kinapotembea, huku mtoaji na msikilizaji wakikaa mahali pao. Hesabu yake haikumpinga Doppler hata kidogo, lakini katika kikao wengi hawakuliona hilo. Doppler alitoka akiwa amejeruhiwa heshima, na mwili ulikuwa tayari unazidi kudhoofika.

Mwezi Novemba 1852 alisafiri kwenda Venice, akitumaini kwamba hewa ya pwani na jua vitamsaidia mapafu. Havikumsaidia. Mathilde aliitwa na kumfikia kabla ya mwisho. Christian Doppler alifariki tarehe 17 Machi 1853, akiwa na umri wa miaka 49, na akazikwa katika kisiwa cha makaburi cha San Michele. Miaka saba baadaye, mjini Vienna kwenyewe, Ernst Mach alijenga kifaa chenye filimbi inayozunguka na kuonyesha tena kwamba marehemu alikuwa na haki.

Kutoka kwenye nyota hadi kifuani

Kwa karibu karne moja, kanuni ya Doppler ilikuwa mali ya watu wa nyota. Walipima nayo mwendo wa nyota zinazotusogelea na zinazotukimbia. Ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kufikiria damu.

Tarehe 29 Oktoba 1953, katika mji wa Lund, Uswidi, muganga Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz walirekodi mwendo wa moyo wa mtu aliye hai kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Walianza na vifaa vya aina iliyotumiwa viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Miaka michache baadaye, mjini Osaka, Japani, Shigeo Satomura alitumia kanuni ya Doppler moja kwa moja kwenye moyo na mishipa, na kutoa andiko lake mwaka 1957. Katika miaka ya 1970 na 1980, muganga wa kike wa Norwei, Liv Hatle, pamoja na wahandisi wa Trondheim, aliifanya njia hiyo kuwa chombo cha kila siku cha hospitali.

Kinachotokea ndani ya chumba cha kipimo ni hesabu ya Prague ileile. Muganga anapaka jeli kifuani na kuweka sonda. Sonda inatuma mawimbi yenye mitetemo milioni mbili au zaidi kwa sekunde. Mawimbi yanagonga chembe za damu zinazotembea na kurudi. Damu ikija upande wa sonda, mitetemo inayorudi ni mingi kuliko iliyotumwa. Ikienda mbali, ni michache. Mashine inatoa tofauti hiyo na kuonyesha kasi ya damu. Tofauti yenyewe inakuwa mitetemo elfu chache tu, kiasi ambacho sikio la binadamu linaweza kukisikia. Ile sauti ya kuvuma kama upepo ambayo mgonjwa anaisikia ikitoka kwenye mashine ndiyo tofauti aliyoieleza Doppler.

Moyo unaosukuma vizuri lakini haulegei

Watu wengi wanaujua moyo kama pompe inayosukuma. Lakini kwa mtu aliyetulia, moyo unatumia muda mrefu zaidi kulegea na kujaa kuliko kusukuma. Mfano mzuri ni ule mpira wa kuminya ambao muuguzi anautumia kupima tansiyo. Akiuminya, hewa inatoka. Akiuachia, mpira unafunguka wenyewe na kuvuta hewa nyingine. Mpira mpya unafunguka haraka. Mpira uliozeeka na kukakamaa unafunguka polepole, hata kama mkono unaouminya una nguvu.

Moyo uliopambana na tansiyo kwa miaka unafanana na mpira huo. Nyama yake inanenepa na kukakamaa. Bado unasukuma vizuri, na tarakimu ya nguvu ya kusukuma kwenye karatasi ni ya kawaida. Lakini haufunguki haraka, damu inasubiri mlangoni, na msongamano unarudi nyuma hadi kwenye mapafu. Mtu anapanda mlima wa Kadutu na kusimama mara tatu. Usiku analala juu ya mito miwili. Miguu inavimba jioni. Akiambiwa kwamba moyo wake unapiga vizuri, anaweza kurudi nyumbani akifikiri ni uzee, ni uchovu, au kuna jirani aliyemroga.

Hapo ndipo Doppler anaingia. Damu inapita kutoka chumba cha juu cha kushoto kwenda chumba cha chini kwa awamu mbili. Ya kwanza, inayoandikwa E, ni pale moyo unapolegea na kuvuta damu. Ya pili, inayoandikwa A, ni pale chumba cha juu kinapojikaza mwishoni kumalizia kazi. Kwa kijana mwenye afya, E ni ndefu kuliko A. Moyo ukianza kukakamaa, E inashuka na A inapanda. Uzee peke yake pia unaishusha E, kwa hiyo mzee wa miaka 70 mwenye A kubwa si lazima awe mgonjwa.

Kuna mtego. Ugonjwa ukizidi, shinikizo ndani ya chumba cha juu linapanda na kuisukuma damu kwa nguvu. E inarefuka tena, na picha inarudi kuwa kama ya mtu mzima wa afya, wakati hali imekuwa mbaya zaidi. Kwa miaka mingi picha hiyo iliwadanganya waganga.

Jibu lilipatikana kwa kuelekeza kanuni hiyohiyo mahali pengine. Badala ya kupima kasi ya damu tu, mashine inapima kasi ya nyama ya moyo yenyewe inapofunguka, karibu na kilango. Nyama inakwenda polepole sana, kwa sentimeta chache tu kwa sekunde, na shinikizo la damu haliwezi kuificha kirahisi. Miongozo ya vyama vya waganga wa moyo vya Marekani na Ulaya ya mwaka 2016 ilitaja mipaka: kasi ya nyama iliyo chini ya sentimeta 7 kwa sekunde upande wa ukuta wa kati, au chini ya 10 upande wa nje, inatia mashaka. Kasi ya damu ikigawanywa kwa kasi ya nyama na jibu kupita 14, inaelekea kwamba shinikizo la kujaa limepanda. Muganga anaangalia pia ukubwa wa chumba cha juu na kasi ya damu inayorudi nyuma kwenye kilango cha upande wa kulia. Hakuna tarakimu moja inayotosha kutoa hukumu.

Na kuna jambo ambalo Doppler angelielewa mara moja: sonda ikielekezwa kwa pembe mbaya, kasi inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mashine ni nusu tu ya kipimo. Nusu nyingine ni mkono uliofundishwa.

Ugonjwa uliotambuliwa jirani

Swali la moyo usiojaa halikuletwa Afrika ya mashariki na vitabu vya Ulaya. Mwaka 1948, nchini Uganda, Jack Davies, muganga aliyekuwa akichunguza miili ya waliofariki mjini Kampala, alieleza ugonjwa ambao makovu yanajaa ndani ya vyumba vya chini vya moyo hadi vinakosa nafasi ya kupokea damu. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoto na vijana. Wakati huo ugonjwa ulionekana wazi baada ya kifo, muganga alipoufungua moyo.

Miaka 60 baadaye, hali ilikuwa imebadilika. Katika eneo la mashambani la Inharrime, nchini Msumbiji, watafiti waliwapima watu 1,063 kwa ekografi ya moyo na kuwakuta 211 wenye dalili za ugonjwa huo, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008. Wengi wao hawakujua kwamba wanaumwa. Walikuwa hai, na hakuna kifua kilichopasuliwa.

Lakini kwa mji kama Bukavu, adui anayejulikana zaidi ni tansiyo. Utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya, na kutangazwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu moyo umeshindwa kazi. Tansiyo ilikuwa chanzo kwa karibu nusu yao. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Hao ni watu wanaolisha familia, si wazee waliostaafu.

Tansiyo yenyewe haihitaji mashine ya gharama. Inapimwa kwa dakika chache kwenye kituo cha afya, na dawa zikifuatwa kila siku, moyo unaepushwa na kukakamaa huko. Eko-Doppler inakuja pale ambapo mtu anakosa pumzi, anavimba miguu, au amekaa na tansiyo miaka mingi. Mgonjwa anayepokea karatasi yake ana haki ya kumuuliza muganga maswali mawili, si moja: moyo wangu unasukumaje, na je, unajaa vizuri? Swali la pili linasahaulika mara nyingi, na linaweza kubadilisha matibabu.

Doppler hakuona lolote kati ya hayo. Hakuiona treni ya Utrecht, hakukisikia kifaa cha Mach, na hakujua kwamba kanuni aliyoiandika kwa ajili ya nyota ingeingia ndani ya mwili wa binadamu. Alikosea kuhusu rangi za nyota, akapingwa na wakubwa wa mji wake, na kifua kikamuua kabla ya kufika miaka 50. Mistari michache aliyodharauliwa kwa ajili yake ndiyo inayopigwa hesabu leo, kila mara muganga anapoweka sonda kifuani mwa mtu anayekosa pumzi na kutaka kujua kama moyo wake unapata nafasi ya kupumzika.